Wageni wa Copenhagen na Jazi Yao

Ukilitaja jina la Denmark barazani baada ya sala ya alasiri, katika mji wowote wa mwambao wetu, hutaulizwa habari za muziki. Utakumbushwa vile vibonzo vya mwezi wa Septemba 2005, gazeti moja la huko lilipothubutu kumfanyia kejeli Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hata watu wa Arabuni wakaacha kununua siagi na jibini ya nchi hiyo. Mwingine atakukumbusha misahafu iliyochomwa hadharani mpaka Bunge lao, mwezi wa Desemba 2023, likapitisha sheria ya kulikataza jambo hilo. Yote hayo ni kweli, na siandiki haya kwa nia ya kuyafuta. Lakini kuna habari nyingine ya nchi hiyo hiyo ambayo wengi wetu hatuijui, nayo yatuhusu: kwamba miaka arubaini kabla ya vibonzo, mji wake mkuu wa Copenhagen ulikuwa na Waislamu wawili weusi, wapigaji hodari wa jazi, waliohama kwao Marekani wakapata huko kazi na heshima.

Mimi jina la mmoja wao nililiona nikingali kijana, juu ya jalada la santuri aliyorudi nayo ami yangu baharia. Liliandikwa Sahib Shihab. Sisi tuliokwisha pitia chuoni tulijua shihab ni kimondo, na sahib ni mwenza au rafiki, basi nikasema huyu bila ya shaka ni Mmisri, na santuri yenyewe itakuwa ya udi na kanuni. Ami akaiweka sindano. Ikatoka saksafoni nene, ya sauti ya chini kama ya mzee mwenye kikohozi anayehadithia jambo la kuchekesha. "Mmisri wako huyo," ami akaniambia, "ni mtu wa Marekani, akaaye Ulaya." Sikupata maelezo zaidi siku ile.

Hapa yafaa nimuonye msomaji. Jazi ninayoieleza si ile ya kina Franco na OK Jazz yao, wala ya bendi zetu zilizojipachika jina hilo ilhali zikipiga dansi. Hii ni jazi yenyewe, iliyozaliwa na watu weusi wa Marekani, wajukuu wa watumwa, ambayo mpigaji huchukua wimbo unaojulikana akautengua na kuufuma upya papo kwa papo mbele ya wasikilizaji. Malenga wa kwetu aliyewahi kujibizana na mwenzake bila ya kuandika ataielewa upesi kuliko mwalimu wa piano.

Denmark ni nchi ndogo. Eneo lake, ukiiacha Greenland na visiwa vya mbali, ni kama kilomita za mraba 43,000, yaani kama nusu ya uliokuwa Mkoa wetu wa Pwani, na watu wake leo ni kiasi cha milioni sita. Wala asidhani mtu kwamba walizaliwa hawana doa. Meli zao zilichukua watumwa kutoka pwani ya Ghana, na ngome yao ya Christiansborg ingalipo mjini Accra. Walikuwa na visiwa vya miwa huko Karibi, ambako watumwa hawakuachwa huru mpaka 1848, na visiwa vyenyewe wakaviuzia Marekani 1917. Alhasili, muziki wa wajukuu wa watumwa ulipowafikia ulikuwa na deni la kuwadai, ijapokuwa sidhani kama aliyekuwa akicheza dansi aliliwaza deni hilo.

Na waliupenda mapema. Louis Armstrong aliposhuka katika kituo cha gari la moshi cha Copenhagen mwaka 1933 alilakiwa na maelfu ya watu, akapigwa na picha ya sinema huko huko. Kisha ikaja vita. Wajerumani waliingia Denmark tarehe 9 Aprili 1940 wakakaa mpaka Mei 1945, na kwa serikali ya Hitler jazi ilikuwa uchafu wa watu weusi na Mayahudi. Ajabu ni kwamba miaka hiyo hiyo ndiyo Wadenmark wenyewe huiita zama za dhahabu za jazi yao. Wapigaji wa nje hawakuweza kuja, santuri za Marekani zikaadimika, basi wenyeji wakalazimika kupiga kwa mikono yao. Svend Asmussen mpiga fidla, na Leo Mathisen mpiga piano, walijaza kumbi, na kijana aliyekwenda kuwasikiliza alijua kwamba anafanya jambo linalomkera askari aliyesimama nje. Huyo Asmussen aliishi mpaka 2017, akafa na miaka mia moja kamili. Mpiga tarumbeta mmoja wa kike, mweusi wa Marekani, Valaida Snow, alinaswa na vita mjini humo, akatiwa kizuizini, asirudi kwao mpaka 1942.

Lakini wageni ninaowataka mimi walikuja baada ya vita. Mwaka 1959 ilifunguliwa klabu katika njia ya Store Regnegade, nambari 19, ikaitwa Jazzhus Montmartre. Ufunguzi wake ulipigwa na George Lewis, mzee wa klarineti kutoka New Orleans. Stan Getz, Mmarekani mweupe mwenye jina kubwa, alikuwa tayari akikaa Denmark, na Oscar Pettiford, bingwa wa besi kubwa, alihamia Copenhagen 1958 akafia huko Septemba 1960. Klabu yenyewe haikuwa kasri. Ilikuwa ni chumba ambacho watu walikaa magoti yakigusana. Tofauti yake ni moja. Kule New York mpigaji aliajiriwa usiku mmoja mmoja, akipiga huku walevi wakizungumza na sahani zikigongana. Montmartre mgeni alipewa wiki kadhaa mahali pamoja, na watu walinyamaza. Muulize mwimbaji yeyote wa taarabu thamani ya ukumbi unaonyamaza.

Aliyeifanya klabu hiyo ijulikane duniani ni Dexter Gordon. Mtu huyu mrefu, futi sita na nusu karibu, alikuwa amemaliza miaka ya ujana wake akiingia na kutoka magerezani California kwa sababu ya madawa ya kulevya. Alivuka bahari mwaka 1962 akidhani safari ni fupi, asirudi kukaa kwao mpaka 1976. Sehemu kubwa ya miaka hiyo 14 aliishi Copenhagen, akajifunza na lugha yao. Alikuwa na desturi ambayo mimi mtu wa mashairi yanifurahisha kuliko sifa zake zote: kabla ya kupiga wimbo wa taratibu, aliusogelea mkono wa sauti akayasoma maneno ya wimbo, polepole, kama asomaye kibwagizo, kisha ndipo akautia mdomoni saksafoni yake. Mpulizaji asiyeyajua maneno, kwa mtu huyu, hakuwa na la kupuliza.

Naye alilipata hilo kwa wakubwa zake. Mkubwa wao mmoja, Ben Webster, aliyekuwa nyota katika bendi ya Duke Ellington, alihamia Ulaya katikati ya miaka ya sitini, akakaa Uholanzi kwanza, kisha Copenhagen tangu 1969. Husimuliwa kwamba usiku mmoja alikatiza wimbo katikati, na alipoulizwa kulikoni, akajibu kwamba amesahau maneno. Iwe ilitokea au haikutokea, mtu aliyekwisha kusikia pumzi za saksafoni ile hawezi kuikanusha. Ben alikuwa mtu mpweke na mnywaji, hilo halifichiki. Alipendwa sana na watu ambao lugha yao hakuijua, na kupendwa namna hiyo hakumtoshi mtu usiku unapokuwa mrefu, na kule usiku wa baridi huanza saa kumi za jioni. Alifia safarini Amsterdam, Septemba 1973, majivu yake yakazikwa Copenhagen.

Sasa nirudi kwa mtu wa santuri ya ami yangu. Sahib Shihab alizaliwa 1925 mjini Savannah, jimbo la Georgia, jina lake Edmund Gregory. Alisilimu 1947, akiwa na miaka 22, naye akapiga pamoja na Thelonious Monk na baadaye Dizzy Gillespie, yaani katika duara la ndani kabisa la jazi mpya ya wakati ule. Mwaka 1959 alikwenda Ulaya na bendi ya Quincy Jones. Safari yenyewe iliharibika, kwani mchezo wa kuigiza waliokuja kuupigia muziki ulifilisika, na wengi wakarudi. Sahib alibaki, akaishi Scandinavia, akaoa huko. Mjini Copenhagen alitunga muziki wa sinema, wa televisheni na wa maonyesho. Mwaka 1963 alirikodi Montmartre mbele ya watu, na 1965 akatunga muziki wa dansi ya jukwaani kutokana na hadithi ya viatu vyekundu ya Hans Christian Andersen, ambaye ni mtunzi wa hadithi mpendwa kuliko wote katika nchi ile. Hebu fikiri: Muislamu mweusi wa Georgia kukabidhiwa hadithi ya Andersen aifasiri! Ni kama sisi kumkabidhi mgeni tenzi zetu.

Wa pili ni Idrees Sulieman, majina ya mitume wawili kwa mtu mmoja. Alizaliwa Leonard Graham, 1923, huko St. Petersburg ya Florida. Alikuwa mpiga tarumbeta wa mwanzo mwanzo kurikodi na Monk. Alihamia Stockholm 1961, kisha Copenhagen 1964, akaingia katika bendi kubwa ya redio ya taifa, iliyoanzishwa mwaka huo huo. Bendi hiyo ndiyo siri kubwa ya jazi ya Denmark. Mpigaji alilipwa mshahara wa mwezi kama karani, akapata muda wa mazoezi, na muziki mpya ukatungwa kwa ajili yake. Sahib na Idrees wote wawili walikutana tena katika bendi kubwa ya Kenny Clarke na Francy Boland, nayo ilikuwa ya Ulaya nzima. Na huyo Kenny Clarke, mfalme wa ngoma za jazi mpya, alikuwa naye amesilimu akijiita Liaquat Ali Salaam. Kwa hivyo bendi moja ya Ulaya ilikuwa na Waislamu watatu katika nguzo zake.

Kwa nini walisilimu? Gillespie, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1979, ameeleza jambo linalochekesha na kuliza pamoja. Wapigaji wengine weusi walipata habari kwamba mwenye jina la Kiislamu aweza kuingia mkahawa wa wazungu, kwa kuwa mwenye mkahawa hatamhesabu kuwa Mnegro, bali mgeni wa kutoka nchi za mashariki. Wakabadili majina, wengine hata vitambulisho vyao vikaandikwa kwamba wao ni weupe! Lakini mtu hadumu na dini kwa miaka arubaini kwa ajili ya sahani ya wali. Sahib na Idrees walidumu na majina hayo hata mahali ambapo hakuna mkahawa uliowafungia mlango, na mahali ambapo jina la Edmund lingewarahisishia mambo.

Kweli nyingine siwezi kuificha, maana wasomaji wangu watauliza. Wengi katika wapigaji wale wa Marekani walifikishiwa Uislamu na wahubiri wa Kiahmadia kutoka Bara Hindi. Sisi wa pwani twajua mzozo wetu na jamaa hao. Tafsiri yao ya Kurani kwa Kiswahili ilipotoka 1953 ilimfanya marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy aishike kalamu kuwajibu, na matunda yake ni tafsiri yake mwenyewe iliyokamilika 1969. Sitaki kuufungua ugomvi huo hapa. Nataja tu kwamba msikiti wa kwanza kujengwa Denmark, kule Hvidovre kando ya Copenhagen, ni wao walioujenga, ukafunguliwa 1967. Idrees alipofika 1964 mji ule haukuwa na msikiti uliojengwa kuwa msikiti. Ule mkubwa wenye mnara, uliojengwa kwa fedha za Qatar, haukufunguliwa mpaka 2014.

Na huo muziki, je, si haramu? Mimi si mufti. Imam Ghazali aliandika mlango mzima juu ya usikilizaji wa nyimbo katika Ihya, na baada ya karne tisa bado twabishana. Lamu walibishana kuhusu matari ya maulidi ya Habib Saleh, na matari yangalipo. Nililo na hakika nalo ni kwamba klabu zile ziliuza ulevi, na kwamba watu niliowataja walipiga humo kwa kuwa ndimo kazi yao ilimokuwa. Hilo ni baina yao na Mola wao.

Wala si Wamarekani tu waliopita Montmartre. Januari 1965 alirikodi humo kijana wa Cape Town aliyekuwa akiitwa Dollar Brand, pamoja na wenziwe Johnny Gertze na Makaya Ntshoko, wote wamekimbia ubaguzi wa Afrika Kusini. Miaka mitatu baadaye, 1968, naye alisilimu, na ndiye Abdullah Ibrahim anayejulikana leo. Johnny Dyani, mpiga besi mwenzao wa uhamishoni, alikuja kukaa Copenhagen, na mwaka 1978 akarikodi huko wimbo wa kumkumbuka Steve Biko, aliyekuwa ameuawa mwaka mmoja nyuma. Dyani alikufa 1986, hakuiona Afrika Kusini huru. Na yuko aliyekuwa mwenyeji na mgeni kwa pamoja: John Tchicai, aliyezaliwa Copenhagen 1936, mama Mdenmark na baba mtu wa Kongo. Yeye alikwenda kinyume na wenziwe. Wao walipokuwa wakikimbilia Denmark, yeye alikwenda New York, na 1965 akawemo miongoni mwa wapulizaji waliomsaidia John Coltrane kurikodi Ascension. Hakuna Mdenmark mwingine aliyepata cheo hicho, na aliyekipata ni mwana wa Mkongo.

Wenyeji nao walijifunza. Mwanafunzi bora wa chuo hicho cha Montmartre alikuwa Niels-Henning Ørsted Pedersen, mtoto wa kijijini Osted, mama yake mpiga kinanda wa kanisa. Alianza kupiga besi klabuni humo hajatimiza miaka 16. Alipokuwa na miaka 17 Count Basie alimtaka katika bendi yake, naye hakwenda. Usiku alisindikiza wakubwa wa dunia mmoja baada ya mwingine, pamoja na Kenny Drew wa piano, mhamiaji mwingine aliyefika Copenhagen 1964, na Alex Riel wa ngoma. Hata walipokuja wageni wapya kutoka Marekani wakijiona wao ndio wenye mali, walimkuta kijana mweupe aliyeijua mali hiyo kuliko wao. Baadaye alizunguka dunia na Oscar Peterson, akafa 2005, hajafika sitini.

Serikali yao ilitia mkono. Bunge lilipitisha sheria ya muziki 1976, na jazi ikawa nayo na haki ya kupata fedha za umma kama muziki wa kanisani na wa kifalme. Mwaka 1979 yakaanzishwa maonyesho ya jazi ya kila Julai, ambayo leo hupigwa mamia kwa mamia ya mara katika viwanja, makanisa na kando ya mifereji. Chuo cha muziki wa namna hiyo kikafunguliwa 1986. Thad Jones, mtunzi na mpiga tarumbeta, aliiacha bendi yake mashuhuri ya New York akahamia Copenhagen 1978, akaiongoza ile bendi ya redio, akafa huko 1986 na huko amezikwa. Na Miles Davis, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alipewa tuzo kubwa ya muziki ya Sonning mwishoni mwa 1984. Palle Mikkelborg, mpiga tarumbeta wa Copenhagen, akamtungia kazi ndefu iitwayo Aura, ambayo sauti zake za msingi zimetolewa katika herufi za jina la Miles Davis mwenyewe, herufi kumi, sauti kumi. Tuliosoma abjadi chuoni, na kuona mashairi yaliyofichwa jina la mwanamke katika mianzo ya beti, twajua ni furaha gani aliyokuwa nayo mtunzi alipoikamilisha hesabu hiyo. Miles aliipenda hata akarudi 1985 kuirikodi. Ilitoka 1989.

Klabu ya Store Regnegade ilifungwa 1976, ikahamia njia ya Nørregade mpaka 1995, kisha ikafunguliwa tena mahali pale pale pa mwanzo mwaka 2010. Dexter alirudi New York mwaka ule ule wa 1976 akapokelewa kama mfalme aliyetoka uhamishoni, akaigiza katika sinema ya Round Midnight iliyotoka 1986 habari za mpigaji kama yeye, akafa 1990. Yeye, Ben na Kenny Drew wamepewa njia zenye majina yao kusini mwa Copenhagen, katika mtaa wa nyumba mpya ambao wao hawakuuona. Fedha zinazoingia kutokana na rikodi za Ben hazikupotea. Uko mfuko wa jina lake unaowatunza wapigaji wachanga.

Majivu ya Ben yako katika makaburi ya Assistens, alikozikwa Andersen wa hadithi, na Kenny Drew alimfuata humo 1993. Waislamu wawili hawakubaki. Sahib alirudi Marekani 1973, mwaka ule Ben aliokufa, na mauti yakamkuta Nashville mwaka 1989. Idrees alirudi mpaka kwao kabisa, St. Petersburg alikozaliwa, akafa huko 2002 akiwa na miaka karibu themanini, jina lake likiwa bado Idrees Sulieman.